Kibuyu Kilichoning'inia kwa Mama Mkwe

Mimi nilizaliwa njiani, na ukitaka tugombane sema nilizaliwa porini. Njia si pori. Njia ina watu, ina salamu, ina majivu ya moto wa yule aliyekutangulia. Baba yangu alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi, mama yangu alimfuata kutoka Bagamoyo akiwapikia wasafiri, na mimi nikatokea kambini Chunyo, penye yale maji machungu ambayo hata ng'ombe huyanywa kwa kununa. Kwa hiyo nilipoolewa na mtu mwenye kwao, mwenye zizi na kaburi la babu, watu wa kambini walishangaa kuliko mimi.

Nilimpendea mshono wake. Najua wanawake wengine hupendea sura au mifugo, shauri yao. Yeye alikuwa Mgogo wa upande wa Chamwino, kijana mkimya, na kazi yake ilikuwa kushona vibuyu vilivyopasuka. Alikaa kando ya kambi na msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akitoboa vitundu pande zote mbili za ufa, akipitisha uzi wa kano za ng'ombe, kisha akipaka nta. Alinishonea kibuyu cha marehemu mama yangu ambacho kila fundi alisema nikitupe. Nilikijaza maji, nikakigeuza juu chini mbele yake ili nimwaibishe. Halikutoka hata tone. Nikasema moyoni, haya, huyu ndiye.

Ukitaka kujua thamani ya kibuyu, simama Chunyo utazame magharibi. Mbele yako ni Marenga Mkali, nyika isiyo na kisima, na mpagazi ana mzigo wa Mdachi kichwani na jua juu ya mzigo. Mpagazi aliyegundua kibuyu chake kinavuja alikuja kwetu mbio kuliko anavyokwenda kwa mganga. Mume wangu alishona. Mimi nilichoma nakshi kwa chuma cha moto, na kazi hiyo sikufundishwa na mtu, niliianza mwenyewe kwa sababu ya ugomvi wa visimani. Vibuyu vyote vinafanana, kila mtu anasema hiki changu, mara ngumi zinaruka. Nikawa namuuliza mtu, kwenu kuna nini? Mtu wa Ujiji nilimchomea samaki. Mtu wa Tabora nilimchomea mwembe. Mmoja aliniambia kwao kuna mama yake tu, basi nikachoma mwanamke anatwanga, akakikumbatia kibuyu mbele za watu bila haya.

Askari mmoja wa boma la Mpwapwa alitaka nimchomee yule tai wa Kaizari wa Wadachi. Nilijitahidi, mwenzangu, lakini ndege alitoka mnene. "Huyu ni kuku," askari akasema. Nikamjibu, "Bwana, tai sijapata kumwona karibu. Kuku nawajua." Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akakinunua, lakini alikifunika kwa kitambaa bwana mkubwa wake asikione.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu: Mpwapwa, Chunyo, nyika, Mvumi, mpaka Kilimatinde, kisha tunageuza. Nyumba yetu ilikuwa kibanda cha majani tunachokifunga jioni na kukiacha asubuhi. Vibuyu tulivibeba kwenye nyavu, vikigongana ko-ko-ko, hata mbwa wa vijijini walitujua. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilikuwa na mtu wangu na moto wangu, na kila kambi ilikuwa sebule yangu.

Lakini alikuwepo mama yake.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilipopelekwa kwake mara ya kwanza, nikaingia kwenye ile tembe yake ndefu yenye paa la udongo, nikapiga magoti nikasema, "Shikamoo mama." Akanitazama kama anayetazama mvua ya msimu usio wake. Mume wangu akaninong'oneza salamu ya kwao, nikasema, "Mbukwa." Hapo akaitikia. Kisha akamuuliza mwanawe, kwa Kigogo ambacho mimi nilikielewa vizuri sana, nimekua na wauza maziwa wa Kigogo, "Huyu wa njiani ataketi, au atapita?"

Wa njiani! Hilo ndilo likawa jina langu.

Sasa sikiliza desturi ya nyumba ile, kwa maana kila kitu kimesimama hapo. Mke akiolewa, mama mkwe humwonyesha ng'ombe wa kukamua na kumpa kibuyu cha maziwa mkononi. Siku hiyo ndiyo anakuwa mtu wa nyumba. Kabla ya siku hiyo anakunywa maziwa kwa kata, kama mgeni yeyote aliyepita kuomba kivuli. Mimi nililetewa kata. Nikanywa. Maziwa yalikuwa matamu na nilitaka kulia.

Nikajiambia, ngoja, huyu hajui mkono wangu. Safari nzima ya mwaka ule nilikuwa na kibuyu kimoja nisichomwuzia mtu, kikubwa, tumbo la mviringo, shingo nyembamba iliyonyooka. Nilichoma njia juu yake. Ilianzia mdomoni, ikazunguka shingo, ikashuka tumboni ikipinda na kupinda, na kando yake nikatia kila kambi tuliyolala, mawe ya Chunyo, miiba ya nyika, hadi chini kabisa kwenye kitako, na pale njia ikaishia ndani ya duara dogo. Duara lile lilikuwa zizi lake. Nilitaka asome kwamba njia yangu inafika kwake. Mume wangu alikitazama muda mrefu, akasema, "Hiki ni kizuri," na yeye si mtu wa kusifu.

Tulipofika baada ya mavuno nikampa kwa mikono miwili. Alikipokea. Akakigeuza, kidole chake kikaifuata njia mpaka nusu, moyo wangu ukaruka. Kisha akatoa kizibo, akachungulia ndani, akanusa. Uso ukafungwa. Akakifunga kamba shingoni, akapanda juu ya kigoda, akakitundika kwenye boriti, katikati ya moshi na utando wa buibui, akaenda kukoroga ugali.

Kilibaki pale siku zote tulizokaa. Tukaondoka kikiwa pale.

Mwaka uliofuata, tulipoingia, hata kabla sijasalimia macho yangu yalipanda kwenye boriti. Kiko. Mwaka mwingine, kiko. Loo, hasira niliyokuwa nayo! Njia nzima kutoka Mvumi nilikuwa namgombeza mume wangu kana kwamba yeye ndiye boriti. "Mama yako ameniweka juu kama pembe la mganga." Yeye anatembea tu, nyavu mabegani. "Mama ni mama," anasema. Jibu gani hilo? Ukimtupia jiwe mume wangu, jiwe lenyewe litachoka kabla yake.

Ni mwuza maziwa wa Kilimatinde aliyenifungua macho. Tulikuwa tumekaa, nikimsimulia kwa uchungu, akaacha kupima maziwa akanikazia macho. "Ulimpelekea mwenye ng'ombe kibuyu kitupu?"

"Kipya," nikasema. "Kizuri."

"Kitupu! Wee! Hukutia hata kijiko cha maziwa? Ulimwombea zizi likauke?"

Nilikaa chini. Mkono mtupu haulambwi, methali hiyo nimeijua tangu utotoni, lakini sikuiona ikinisema mimi. Maana kwetu sisi wauza vibuyu, kibuyu ni kitu kitupu siku zote. Nani atanunua kibuyu kilichojaa? Mpagazi anachukua, anajijazia kisimani, kwa heri. Sisi tu, nadhani, katika Ugogo nzima ndio tungeweza kukosea vile. Nikamgeukia mume wangu. "Ulijua?" Akakuna kichwa. "Mambo ya vibuyu vya maziwa ni ya wanawake," akasema. Nilitamani kumvisha kibuyu kichwani.

Safari ile nikafika na kibuyu cha asali, kimejaa mpaka kizibo kinalia. Mama mkwe akalamba kidole, akasema, "Asali nzuri hii," kwa sauti njema kabisa. Asali ilipokwisha akakitumia kibuyu kuwekea mbegu za maboga. Mwaka mwingine nikaleta kingine kimejaa siagi, nimekipamba shanga shingoni. Akakisifu mbele ya majirani. Vyote alivitumia, vyote vilipata kazi yake. Kile cha kwanza kikabaki juu, na mimi nikabaki nakunywa kwa kata.

Ningekuwa na mama mkwe mbaya ingekuwa rahisi, ningemchukia nikapumzika. Lakini hakuwa mbaya. Kuna mwaka niliugua homa nyumbani kwake, homa ya kuona watu wasiokuwepo. Nikifumbua macho, yupo. Nikifumba, mkono wake uko kwenye paji la uso. Alininywesha uji wa uwele kidogo kidogo kama ndege, akinitukana taratibu: "Kunywa wewe wa njiani, utafia kwangu watu waseme nini." Siku homa iliposhuka aliketi mlangoni akanieleza habari za wanawe wakubwa, kaka zake mume wangu. Walikwenda na misafara, mmoja baada ya mwingine, wamebeba pembe za ndovu za wafanyabiashara. "Waliniaga vizuri sana," akasema. Hakurudi hata mmoja. Mimi nilikuwa chali, na juu yangu, mkabala na pua yangu, kilikuwa kibuyu changu kwenye boriti. Nilimpenda mwanamke yule na nilitaka kumng'ata.

Kisha Wadachi wakaleta reli. Mwanzoni tuliicheka. Wapagazi walisema chuma hakiwezi kutembea nyika ile bila maji, na kumbe gari la moshi nalo linakunywa kuliko msafara mzima. Likafika Dodoma, likapita, likaenda zake. Na njia yetu ikaanza kufa. Mwaka mmoja kambi ya Chunyo ilikuwa imejaa mioto, na mwaka wa pili ukiketi pale unasikia panzi. Wapagazi walipungua. Mzigo ulipanda behewani na kibuyu cha maji hakikuhitajika. Sisi tukahamia kwenye vituo, tukichonga kata ndogo na vikombe vya vibuyu vya kuuzia abiria madirishani. Mtu ananunua huku gari linaanza kuondoka, huna hata nafasi ya kumuuliza kwao kuna nini. Nilichoma ua moja tu, lilelile, kwa kila mtu.

Tulikuwa kituo cha Saranda, chini ya Kilimatinde, mavuno yamekwisha. Miguu ya mume wangu ilikuwa imevimba. Akasema, "Twende kwa mama. Tupande gari."

Nikamwambia, na nilikuwa sitanii, "Nitakwenda. Lakini nikikikuta kile kibuyu juu, nimemaliza. Utakuwa unakwenda peke yako. Mimi si kata ya kuchotea maji, mimi ni mkeo."

Akafungua kamba ya wavu, akaifunga tena. Alikuwa hana mtu mwingine duniani isipokuwa sisi wawili, mama yake na mimi, na hakuwa na uzi wa kushona ufa ule.

Sitasimulia sana habari za gari la moshi. Vibuyu vyetu viligongana njia nzima na abiria wakanuna. Mume wangu alishika benchi kwa mikono yote miwili kama aliyepanda punda. Mimi nilitazama nje nikaona kambi zetu za zamani zikikimbia nyuma, mahali pa kulala siku nyingi, gari likazimeza zote kabla ya jioni. Tukalala Dodoma, alfajiri tukashika njia ya miguu kwenda Chamwino.

Na hapa kuna jambo ambalo hatukulifikiria. Zamani, kabla hatujafika kwa mama mkwe, habari zetu zilikuwa zimeshafika. Mchungaji anatupita, mpagazi anatutangulia, na kila mmoja akipita mlangoni pake anasema, mwanao yuko nyuma, yuko na yule mkewe, wamelala Mvumi. Ilikuwa hivyo kila mwaka. Mara hii gari lilizipita habari. Hakuna mtu aliyejua kwamba tuko njiani.

Tukatokea nyuma ya zizi. Mume wangu alikuwa nyuma yangu anachechemea, vibuyu ameviteremsha chini ya mti apumzike, kwa hiyo hata ko-ko-ko haikusikika. Mama mkwe alikuwa uani, ameketi chini, miguu ameinyoosha, anasukasuka maziwa. Unajua wanavyofanya, kibuyu kinalala mapajani, kinakwenda kinarudi, kinakwenda kinarudi, mpaka siagi ijitenge. Alikuwa anaimba kwa pua. Niliijua shingo ya kibuyu kabla sijaijua nakshi.

Kilikuwa cheusi. Moshi wa kufukizia, mafuta ya mikono, miaka. Kilikuwa kinang'aa kama goti la mtoto lililopakwa samli. Ile njia yangu tumboni ilikuwa imefutika kabisa mahali viganja vyake vinaposhika. Chunyo imekwisha, nyika imekwisha. Kilichobaki ni kule kwenye kitako, duara dogo.

Akainua macho. Lahaula! Nilidhani nimeona mambo, lakini sijapata kuona mwanamke mzee, mwenye heshima yake, akijaribu kuficha kibuyu kikubwa vile chini ya kaniki. Kaniki ikafunika upande huu, shingo ikatokea upande ule. Tukatazamana.

"Mbukwa, mama," nikasema.

"Mbona hamkusikika?" akasema kwa ukali, kana kwamba sisi ndio tumekamatwa.

Nikaketi chini, hapohapo kwenye vumbi. "Tangu lini?"

Akakitoa kibuyu chini ya kaniki, akakiweka tena mapajani, akakishika pande zile zilizofutika. "Kilikuja kitupu," akasema. "Nilikasirika. Mlipoondoka nikasema, mtoto wa njiani atajuaje? Nikakishusha, nikakifukiza, nikatia maziwa. Sijapata kibuyu kama hiki."

"Mbona kila mwaka kiko juu?"

"Mwaka wa pili nilisikia mnakuja, nikaona haya. Nikakirudisha. Nilikuwa nataka kukushushia mbele yako, nikucheke, nikupe ng'ombe wako." Akatazama kule mwanawe anakochechemea. "Ukaingia. Hukunisalimia, ukatazama juu. Macho yaliwaka! Nikajua, huyu mwakani lazima arudi kuangalia."

Nilikitazama kile kibuyu mapajani pake.

"Wale wakubwa tuliagana vizuri," akasema. "Nimewabariki, wamenibariki, hakuna kitu kilichobaki kati yetu. Mtu wa namna hiyo njia inamchukua tu. Na huyu wako hana hasira hata kidogo, tangu mdogo. Ningemshika kwa kitu gani? Wewe ndiye mwenye hasira. Ya kuwatosha nyote wawili."

Basi nililia. Nililia nikicheka, kamasi na vumbi, na mume wangu akafika akatukuta hivyo, akatazama kibuyu, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Kumbe," akasema. Na akaenda kunywa maji. Ndiye huyo.

Nikanyoosha mikono. Mama mkwe akanipa kibuyu, kizito, vuguvugu, maziwa yakicheza ndani. "Sukasuka taratibu," akasema, "si kama unapigana." Jioni akanionyesha ng'ombe, mwekundu, mwenye pembe moja iliyoinama. Sikuiona kata tena.

Tulikaa mpaka miguu ya mume wangu ikapona. Alitaka kubaki, naona, lakini hakusema, na mimi vituo vilikuwa vinaniita, na mama mkwe aliona yote hayo akiwa anapepeta uwele. Asubuhi ya kuondoka nilikamua ng'ombe wangu, nikakijaza kile kibuyu mpaka shingoni, nikakiziba. Kisha nikavuta kigoda, nikapanda, nikakitundika mwenyewe kwenye boriti, mahali pake palepale.

"Unafanya nini wewe?" mama mkwe akauliza.

"Nikirudi mwakani nikikute hapohapo," nikamwambia, nikakunja uso kwa nguvu zangu zote. "Nikikuta umekishusha, tutaonana."

Akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yanacheka. "Nenda zako," akasema. "Nitakishusha mkivuka korongo."

Tukabeba nyavu zetu. Tulipovuka korongo mume wangu alitaka kugeuka kupunga mkono, nikamshika mkono. Sikutaka tumfumanie tena.